Tupeane uzoefu: gemu ikifanywa filamu, inaharibikia wapi?

Mwenye mada (Langoni, Lamu): Kila filamu ya gemu ikitoka, ubishi vibandani ni uleule: pesa zilikuwepo, waigizaji wapo, mbona imechacha? Mnaoijua kazi ya skripti na uchoraji, leteni mnayoyajua. Kwa mifano, tafadhali.

Wa Mkomani: Filamu ya Doom ya 2005, kutoka gemu ya kuua mazimwi kwa bunduki, iliondoa jehanamu, ikaleta jeni na maabara. Karibu na mwisho ikaweka kama dakika 5 za bunduki mbele ya macho, vilevile ulivyoizoea ukishika padi. Kipande kizuri hicho, lakini mazimwi ya Doom hutoka jehanamu. Ukiifunga hiyo, yanabaki wanyama wa maabara kama wa filamu nyingine yoyote.

Dada wa Barani, Malindi: Ni kweli kaka, ila kubadilisha si kosa. Kwenye gemu ya The Last of Us, ugonjwa huenea kwa vumbi la uyoga na wahusika huvaa barakoa. Msimu wa kwanza wa tamthilia, 2023, vumbi likaondolewa, zikaja nyuzi zinazotoka mdomoni. Barakoa ingeficha uso, na mwigizaji anafanya kazi kwa uso! Frank, ambaye kwenye gemu unamkuta maiti, akapewa karibu sehemu nzima pamoja na Bill, mwenzi wake. Tena Neil Druckmann aliyeiandika gemu aliandaa tamthilia pamoja na Craig Mazin, kwa hiyo mkataji alijua anachokata.

Mchoraji wa Shela: Umbo nalo. Trela ya filamu ya Sonic, yule nungunungu wa bluu, ya Aprili 2019 ilimleta na meno ya binadamu, macho madogo yaliyoachana, mikono bila glavu. Watu wakapiga kelele, filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020 ili achorwe upya. Kabla ya manyoya, mpake mhusika weusi mtupu: asipotambulika kwa kivuli, rudi kwenye penseli.

Wa Mkomani: Sawa kabisa. Na kwa anayeandika skripti, atazame filamu ya Mario ya 2023 pale binti mfalme Peach anapompa Mario, fundi bomba, mazoezi. Anaruka, anaanguka, anaanza tena, anaanguka palepale. Hata bila maelezo marefu, bibi asiyewahi kushika padi anaelewa gemu ile inachezwaje. Ile ya 1993 ilikuwa na mafundi bomba walewale wawili, ila kuruka kwenyewe kukageuzwa kazi ya viatu vya mashine.