Tupeane uzoefu: geji ya upepo wa tairi, ya bei chee au ya ghali?

Geji Tatu: Wakuu, nina geji tatu na kila moja ina maneno yake. Leo alfajiri, gari likiwa halijawashwa, tairi moja hiyohiyo: ya kalamu imesema psi 29 (psi ndicho kipimo cha msukumo wa upepo), ya mshale 31, ya dijitali 33. Kibandiko cha mlango wa dereva kinataka 32. Nimwamini nani? Nimeshaanza kutamani ile ya bei kali nimalize ubishi, lakini nataka kusikia kwanza walioingia mfukoni. Karibuni.

Dereva wa Usiku: Mimi ni kalamu tu, mwaka wa sita huu. Ile ya kijiti kinachochomoka. Nilishailinganisha na ya fundi ninayemwamini, inasoma pungufu kwa psi 2. Basi nikiona 30 najua ni 32, maisha yanaendelea. Uongo wake haujabadilika tangu siku ya kwanza. Mwenzangu alinicheka sana na dijitali yake, hadi betri ikamfia katikati ya safari akaja kuazima kijiti.

Magurudumu Mawili: Kabla ya bei, tazama namba ya mwisho kwenye uso wa geji. Nilinunua ya mshale, ya ghali, nzito mkononi, inafika 160. Boksi limeandikwa inaweza kukosea asilimia 2. Nikafurahi. Kumbe asilimia hiyo ni ya 160, si ya unachopima! Yaani psi 3 na ushee, juu au chini. Kwa lori linalobeba 100 hakuna atakayejali. Tairi ya mbele ya pikipiki yangu inataka 28, hapo psi 3 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Nikaja kuchukua ya bei ndogo inayoishia 60, asilimia zilezile, makosa yakashuka hadi psi 1.2. Na kipimo chako kikiangukia katikati ya uso ndiyo bora zaidi, geji nyingi za mshale huyumba kwenye ncha zake.

Taa Inatosha: Mnajisumbua. Gari langu lina taa ya upepo kwenye dashibodi.

Magurudumu Mawili: Mkuu, sheria ya Marekani inaidai taa hiyo iwake upepo ukishapungua asilimia 25. Kwa tairi ya 32 hiyo ni 24. Unaweza kutembea na 26 miezi mitatu na taa imenyamaza.

Fundi Mkimya: Niseme na mimi. Ndani ya geji nyingi za mshale kuna mrija mwembamba uliopindwa. Upepo ukiingia, mrija unataka kunyooka, ndio unaovuta mshale. Mfaransa Eugène Bourdon alipata hataza yake mwaka 1849, na mpaka leo kazi ni ileile. Sasa angusha kitu hicho sakafuni. Yangu ya ghali ilianguka, kioo hakikupasuka, mshale ukarudi sifuri vizuri kabisa. Nikajaza matairi ya wateja siku kadhaa yakiwa pungufu kwa psi 4 bila kujua, mpaka mteja mmoja akarudi na geji yake ya bei chee, tukabishana, akanishinda. Niliona aibu. Ukilipa zaidi unapata ganda la mpira, bomba refu, kitufe cha kutolea upepo kidogo kidogo, na mshale unaobaki pale ulipofika. Vitu vizuri. Usahihi ni habari nyingine.

Asubuhi Baridi: Mimi niliirudisha geji dukani kwa hasira kumbe kosa langu. Nilipima baada ya safari ndefu, ikasema 36, nikatoa upepo hadi 32. Kesho yake alfajiri: 28. Tairi ya gari ndogo hupanda karibu psi 1 kwa kila nyuzi 6 za joto. Geji ilisema kweli siku zote mbili, maskini.

Fundi Mkimya: Geji Tatu, pima kila moja mara tano mfululizo, tairi ikiwa baridi. Ibane valvu wima, ukisikia "tssss" hicho kipimo kitupe.

Geji Tatu: Nimefanya. Dijitali: 33 mara zote tano. Mshale: 31, 31, 30, 31, 31. Kalamu: 29, 31, 27, 30, 28. Dereva wa Usiku, kijiti chako si ndugu wa hiki changu! Hiki nimempa mtoto achezee. Hizo mbili nazipeleka kesho zikalinganishwe na geji iliyothibitishwa usahihi wake, nijue ipi inazidisha na ipi inapunguza. Ya bei kali naisimamisha kwanza.

Fundi Mkimya: Zifunge kwenye kitambaa njiani.