Tutu ya baleti: kwa nini husimama mlalo, na nani aliyeifupisha?

FundiWaKiyembe aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Mimi ni fundi cherehani hapa Kampala, na kazi zangu nyingi ni gomesi, magauni ya harusi na sare za shule. Mwezi uliopita nililetewa oda ya tutu nne, yaani sketi za kuchezea baleti, za watoto wanaojifunza, pamoja na picha moja tu ya kufuatisha. Nilichukua neti ile ile laini ninayoitumia chini ya gauni la bibi harusi, nikakata tabaka tano zenye urefu sawa, nikazikunja marinda na kuzishonea kwenye mkanda wa lastiki wa kiunoni. Pichani sketi imekaa mlalo kama ungo. Yangu ilianguka juu ya mapaja ya mtoto kama mwavuli uliolowa. Mama yake hakusema neno, lakini jicho alilonitupia lilinitosha.

Ninaomba kuelezwa mambo mawili: ni nini kinachoisimamisha sketi hiyo, na ilipataje umbo la ajabu namna hiyo? Gomesi ninajua imetoka wapi, kwamba jina lake ni la fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, na kikoyi kinachovaliwa ndani ninajua kinafanya kazi gani. Tutu nimeishona bila kujua sababu ya chochote ndani yake, na nadhani ndipo nilipokosea.

MwalimuJinja alijibu:

Dada Fundi, nitaanza na swali lako la pili, na la kwanza nitawaachia wanaoshika sindano.

Wanawake walianza kucheza kwa malipo kwenye jukwaa la Opera ya Paris mwaka 1681, na walivaa kama mabibi wa ikulu: sketi nzito zilizofika sakafuni. Baadaye zikaongezewa viunzi vya kutanua nyonga. Ndani ya vazi hilo mchezaji aliweza kutembea kwa madaha na kuinama, basi. Katika miaka ya 1730 Marie Camargo, ambaye alikuwa hodari wa kuruka na kupishanisha miguu hewani kabla hajatua, alipandisha pindo lake hadi juu kidogo ya vifundo vya miguu, kwa kuwa hakuna faida ya kufanya kazi ngumu hivyo chini ya kitambaa. Mpinzani wake, Marie Sallé, alikwenda mbali zaidi kwa njia nyingine: mwaka 1734 alitokea jukwaani London akiwa na vazi jepesi la melimeli, bila kiunzi.

Hatua kubwa ilikuja tarehe 12 Machi 1832, Marie Taglioni alipocheza La Sylphide, baleti iliyotungwa na baba yake, Filippo. Alikuwa pepo wa msituni, na ilimpasa aonekane hana uzito. Mchoraji Eugène Lami anahesabiwa kuwa ndiye aliyembunia sketi nyeupe ya umbo la kengele, tabaka nyepesi juu ya tabaka nyepesi, iliyoishia katikati ya muundi, ili watazamaji wamwone akisimama juu ya ncha za vidole. Mambo mawili yaliisaidia sketi hiyo. La kwanza ni taa za gesi, ambazo mwanga wake ulipenya kitambaa chepesi na kukifanya kama ukungu. La pili litakupendeza wewe fundi: mwanzoni mwa karne hiyo Mwingereza John Heathcoat alikuwa amebuni mashine ya kufuma neti, kitu ambacho awali kilitengenezwa kwa mikono na kuuzwa kwa bei ya matajiri. Neti laini bado inaitwa kwa jina la mji wa Tulle, Ufaransa. Giselle ya mwaka 1841 ilifuata umbo hilo hilo, na hadi leo sketi hiyo ndefu ndiyo vazi lake.

Sketi fupi uliyoonyeshwa pichani ni mtoto wa Waitaliano waliokwenda Urusi. Virginia Zucchi, aliyefika St Petersburg mwaka 1885, alidai sketi fupi kuliko zilizozoeleka pale, na akapewa. Miaka kumi baadaye Pierina Legnani alizunguka mara 32 mfululizo kwa mguu mmoja katika Swan Lake, huku mguu wa pili ukirushwa nje na kurudishwa kila mzunguko. Hebu fikiria sketi ya Taglioni katika hali hiyo: ingemzonga miguuni kabla hajafika mzunguko wa tano.

BibiSindano alijibu:

Mwanangu, pole kwa jicho la mama mtu. Nimeshona mavazi ya jukwaani kwa miaka mingi, na kosa lako nimelifanya mimi pia.

Tutu fupi si sketi ya kiunoni. Ni chupi pana iliyoshonewa neti, na neti hiyo huanzia nyongani. Kati ya nyonga na kiuno kuna kipande kilichobana sawasawa, na juu yake ndipo huunganishwa sehemu ya kifuani. Wewe uliiweka kiunoni, mahali ambapo mwili wenyewe unaisukuma ielekee chini.

La pili ni urefu. Tabaka zako zilikuwa sawa, kwa hiyo zote zilianguka pamoja. Tabaka ya chini kabisa, iliyo karibu na paja, inapaswa kuwa fupi mno, sentimita chache tu, na kila inayofuata iizidi ile iliyo chini yake. Zile fupi haziwezi kuinama, kwa hiyo hubeba zilizo juu yake. Tutu ya mtu mzima huwa na tabaka kumi au zaidi. Kwa mtoto sita au saba zinatosha. Tumia neti ngumu inayokwaruza vidole, na ile laini ya bibi harusi uiweke juu kabisa kwa ajili ya macho. Ukimaliza, pita na sindano ya mkono ukizishika tabaka pamoja kwa mishono mirefu iliyolegea. Ukiikaza, sketi itajikunja kama kabichi.

Ile iliyo bapa kabisa huwa na pete ya waya iliyopitishwa katikati ya tabaka. Kwa watoto sikushauri: waya ukichomoka utamchoma mtu. Afadhali umfuate Barbara Karinska, fundi aliyezaliwa Kharkiv na kufanya kazi New York, ambaye mwaka 1950 aliiondoa pete kwenye tutu za mtunzi wa baleti George Balanchine na kutumia tabaka chache zilizolegea, zinazoinama kidogo. Wachezaji walipojipanga wengi jukwaani, zile za waya ziligongana na kuinuka upande mmoja kama sahani.

SsalongoMasaka alijibu:

Mwalimu, ninakuheshimu, ila umeeleza kana kwamba kila sentimita iliyokatwa ilikatwa kwa ajili ya ufundi wa miguu. Katika karne ya 19 wanaume matajiri waliolipia viti vya msimu kwenye Opera ya Paris waliruhusiwa kuingia nyuma ya pazia, na Edgar Degas amewachora wakiwa wamesimama pembeni na kofia zao nyeusi. Hata jina tutu linasemekana limetokana na neno la kitoto la Kifaransa la kutaja makalio. Miguu ilionekana, naam, na walikuwapo waliolipa ili waione.

Na tusisahau gharama. Emma Livry, mwanafunzi wa Taglioni huyo huyo, alikataa kuvaa kitambaa kilichotiwa dawa ya kuzuia moto, kwa sababu dawa iliifanya sketi ikakamae na kupoteza weupe. Novemba 1862, katika mazoezi, sketi yake ilishika moto kwenye taa ya gesi. Alifariki Julai iliyofuata akiwa na umri wa miaka 20. Mwanga uliosifiwa hapo juu ndio uliomuua.

Kwetu Buganda mchezaji wa ngoma ya baakisimba hufunga ngozi nyongani ili mtikisiko uonekane mkubwa zaidi. Tutu inafanya kinyume: inajitenga na mwili na kuipisha miguu. Mimi kama mtazamaji ninaipenda ngozi zaidi, lakini hilo ni langu.

FundiWaKiyembe alijibu:

Asanteni sana, ssebo na nnyabo. Jana usiku niliifumua moja na kuishona upya juu ya chupi ya pamba, tabaka saba, ya chini ikiwa na sentimita nne. Imesimama! Si bapa kama pichani, imeinama kidogo pembeni, nami nitaiacha hivyo.

Bibi, nina swali moja limebaki. Asubuhi niliipeleka kwa mteja Ntinda kwa bodaboda, nikiwa nimeishika kwa mkono mmoja, na upepo uliibonyeza upande wote wa kushoto. Zinahifadhiwaje?

BibiSindano alijibu:

Igeuze miguu juu, mwanangu. Uitundike kwa ile sehemu ya chupi, kifua kikiwa chini, ili uzito wa neti uvute kuelekea upande usioidhuru, au uilaze kwenye mfuko mpana wa duara. Na safari ijayo panda teksi, ukae kiti cha nyuma.