Ovadraivu ya op-ampu moja: sauti inapita lakini haikati

Zuhura: Hamjambo nyote. Shangazi Rehema, shikamoo. Ile saketi ya ovadraivu (inayokoroga sauti ya gitaa kwa kukata vilele vya wimbi) iko kwenye bredibodi, ubao wa matundu wa kujaribia saketi. Sauti inapita, ila ni safi kabisa. Nikizungusha poti ya draivu (rezista ya kuzungusha, inayoongeza ukuzaji) hakuna kinachobadilika.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Usichomoe kitu kwanza. Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu upitishe mguu kwa mguu wa op-ampu (chipu ya kukuza sauti): 8, 4, 3, 2, 1. Nipe namba.

Idi: Na utuandikie kila kilichoizunguka hiyo op-ampu, tusije tukajadili saketi mbili tofauti.

Zuhura: Sawa kaka. Ni TL072, chipu yenye op-ampu mbili ndani. Gitaa linaingia kwa kapasita ya 0.1uF hadi mguu wa 3. Hapo kuna rezista ya 1M kwenda kwenye nukta ya 4.5V, nusu ya betri (10k mbili na 47uF). Kati ya mguu wa 1 na wa 2: 51k ikifuatana na poti ya 500k, diodi mbili za 1N4148 zilizogeuziana, na 51pF. Mguu wa 2 unakwenda 4.7k, halafu 0.047uF, halafu hasi.

Zuhura: Namba:
8 = 8.9
4 = 0
3 = 4.05
2 = 4.45
1 = 5.05

Idi: Mguu wa 3 usikutishe. Mita yenye upinzani wa 10M inavuta mkondo kidogo kupitia ile 1M, kwa hiyo inasoma chini ya hali halisi. Mita ya 1M ingekuonyesha 2.2V tu, na saketi ni nzima. Watu wengi hubadilisha rezista hapo bure.

Shangazi Rehema: Mimi naangalia 1 na 2. Zilitakiwa zilingane, zote 4.45. Kapasita ya 0.047 haipitishi DC, kwa hiyo hakuna mkondo wa DC kwenye 4.7k, na kwenye njia ya kurudi kutoka 1 hadi 2 hakubaki volti yoyote. Wewe una tofauti ya 0.6V. Hiyo ni diodi iliyofunguka, yaani inapitisha mkondo.

Shangazi Rehema: Piga hesabu: 4.45 gawanya kwa 4.7k ni karibu 0.95mA. Mkondo huo unapita kwenye diodi moja muda wote, hata usipogusa gitaa. Diodi iliyofunguka kiasi hicho, kwa wimbi dogo la gitaa, ina upinzani wa makumi machache tu ya ohmu. Sasa 51k na poti ya 500k zitafanya nini wakati pembeni yao kuna njia nyepesi namna hiyo? Op-ampu inakuza mara 1 na kidogo sana. Ndiyo maana poti haina kazi na sauti ni safi.

Idi: Tuma picha ya ile 0.047, karibu kabisa.

Zuhura: 📷

Idi: Umeona? Miguu yake yote miwili iko safu moja. Matundu matano ya safu moja yameungana kwa chini, kwa hiyo kapasita imerukwa, mkondo unapita kama kwenye waya. Hamisha mguu mmoja kwenye reli ya hasi, na ile safu uiondolee waya wa hasi.

Zuhura: 1 na 2 zote 4.45 sasa. Inakata, na poti inasikika!! 🎸

Zuhura: Shangazi, nieleweshe jambo. Kwa nini diodi zikae kwenye njia ya kurudi, zisiwekwe mwishoni kuelekea hasi?

Shangazi Rehema: Hapo ndipo penyewe. Chukua wimbi la gitaa la 0.1V. Op-ampu inalazimisha mguu wa 2 ufuate wa 3, kwa hiyo 0.1V hiyohiyo inakaa juu ya 4.7k na kutoa mkondo wa 21uA. Mkondo huo hauna pa kutokea isipokuwa njia ya kurudi. Bila diodi, draivu ikiwa mwisho, 21uA mara 551k ni zaidi ya 11V, na betri ni ya 9V. Diodi zikiwepo, mkondo unazipitia na volti inaishia karibu 0.5.

Shangazi Rehema: Sasa sikiliza kinachotoka mguu wa 1: ni ile 0.5V *pamoja na* 0.1V ya gitaa yenyewe. Wimbi safi haliondoki, linapanda juu ya lile lililobanwa. Vilele vinakuwa vya mviringo, na mkono wako bado unasikika. Pedali ya Tube Screamer ya Ibanez imejengwa hivyo. Ukiweka diodi mwishoni kwenda hasi, kama RAT ya ProCo, kinachozidi kizingiti cha diodi kinakatwa na wimbi safi halibaki. Ni sauti kali zaidi. Si mbaya, ila ukitaka gitaa liitikie mkono, njia ya kurudi ni bora.

Idi: Hata draivu ikiwa chini kabisa inabaki 51k. Ukicharaza taratibu, tuseme 0.03V, unapata 0.33V tu na diodi hazijafunguka vizuri. Ukikaza mkono zinafunguka. Kwa hiyo ile 51k usiiondoe.

Mjomba Athumani: Nimewakuta mbali. Zuhura, jaribu uzi mnene kisha mwembamba. Umesikia mnene unavyokatwa kidogo? 4.7k na 0.047uF zinaanza kupunguza ukuzaji chini ya hezi 720. Draivu ikiwa mwisho, noti za juu zinaweza kukaribia mara 118, lakini E ya chini ya hezi 82 inapata kama mara 13 tu. Besi ikikatwa sana inavuruga noti nyingine, hasa ukipiga kodi.

Zuhura: Shikamoo mjomba. Nikitaka besi zaidi?

Mjomba Athumani: Marahaba. Weka 0.1uF badala ya 0.047uF, ule mpaka wa hezi 720 utashuka hadi hezi 340 hivi. Ukifika 1uF, kodi zitakuwa uji.

Zuhura: Na nikiweka LED badala ya 1N4148?

Idi: Nyekundu inafunguka karibu 1.5V, kwa hiyo inakata kidogo na sauti inatoka kubwa. Diodi ya jemaniamu ni kinyume: inabana mapema, sauti inashuka. Ukitaka vilele visilingane, weka 1N4148 mbili zikifuatana upande mmoja na moja upande wa pili. Pedali ya SD-1 ya Boss iko hivyo.

Zuhura: Draivu ikifika mwisho inapiga mluzi.

Shangazi Rehema: Waya wa kuingia umepita karibu na wa kutoka. Zitenganishe na uzifupishe, halafu weka 100uF na 0.1uF kati ya mguu wa 8 na wa 4. Hakikisha pia ile 51pF imekaa imara. Draivu ikiwa mwisho, inaanza kupunguza trebo kwenye hezi 5,700 hivi, na ile sauti ya "shhh" inapungua pia. Isipokuwepo, op-ampu inaweza kuanza kujipigia yenyewe.

Idi: Ile op-ampu ya pili ndani ya TL072 usiiache ikielea. Unganisha 6 na 7, mguu wa 5 upeleke kwenye nukta ya 4.5V.

Mjomba Athumani: Kutoka mguu wa 1 weka 1uF kabla ya poti ya sauti ya 100k. Kama ni ya elektroliti, chanya ielekee mguu wa 1, maana hapo kuna 4.5V. Adapta za pedali nyingi zina hasi katikati ya plagi. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. TL072 ikigeuziwa umeme huenda isipone.