Nimealikwa garba, ni disko au ibada?

mtoto_wa_upanga: Wakuu habari, jirani yangu Mgujarati kanialika garba ya Navratri, sa mi sielewi ni disko au ibada maana anasema twende usiku tukacheze ila viatu tuvue 😅

Bi Mkubwa: Ibada mwanangu, ila ya kucheza. Nav ni tisa, ratri usiku, yaani mausiku tisa ya kumsifu mungu wa kike wa Wahindu, Durga, aliyemuua Mahishasura, lile jini la umbo la nyati. Kule Gujarat, India, katikati wanaweka chungu cha udongo chenye matundu, ndani taa inawaka, watu wanakizunguka wakipiga makofi, na neno lenyewe garba limetokana na tumbo la uzazi. 2023 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni.

fundi_saa: Vijiti hajakwambia? Hiyo dandiya, mnacheza mkigonganisha vijiti, mi mwaka jana nilikuwa nahesabu miguu badala ya kusikiliza ngoma nikagongwa kidole mpaka kucha ikawa nyeusi

mtoto_wa_upanga: 😂😂 na siku ya kumi?

Bi Mkubwa: Dussehra, sikukuu ya ushindi wenyewe wa Durga. We vaa nguo isiyobana tu, duara likishika kasi kutoka ni shughuli