Riwaya tulizosoma: nyumba, deni na jina lililoandikwa kwenye hati

Kutoka Leicester

Ndugu wanajumuiya, assalaam alaykum, na salaam kwenu nyote popote mlipo.

Tulikubaliana kwamba kila mmoja aandike maoni yake kuhusu riwaya aliyoimaliza karibuni, na kwamba asiishie kusema kitabu ni kizuri au kibaya, bali aeleze kimemfaa vipi mtu anayeishi ugenini. Mimi nimesoma riwaya mbili za Abdulrazak Gurnah zikifuatana: By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, na Peponi, ambayo ni tafsiri ya Paradise ya mwaka 1994, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Tangu mwandishi huyu atunukiwe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, tumezoea kumtaja kuwa ni mwandishi wa visa vya wakimbizi, na ni kweli. Hata hivyo, baada ya kusoma riwaya hizi kwa utulivu, nimeona kwamba kinachoziendesha zote mbili ni deni: nani alikopa, aliweka nini rehani, na nani alikuja kulipa kwa niaba yake.

Nianze na By the Sea. Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anawasili uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban. Ameshauriwa asionyeshe kwamba anajua Kiingereza, kwa hiyo anakaa kimya mbele ya ofisa wa uhamiaji huku akilielewa kila neno analoambiwa. Ofisa anafungua begi lake, anatoa vitu vyake kimoja baada ya kingine, mpaka anakifikia kijisanduku cha udi, ule udi wa qamari wenye thamani. Anakifungua, ananusa, anauliza hiki ni kitu gani, na mwishowe kijisanduku kinabaki kwake. Ofisa huyohuyo ndiye anayemweleza kwamba wazazi wake mwenyewe walikuja kama wakimbizi kutoka Romania, na kwamba yeye mzee ameshapitwa na umri wa kuomba hifadhi. Mzee hajibu. Kila aliyewahi kusimama mbele ya meza ya namna ile, akatazama nguo zake zikipekuliwa na mkono wenye glavu, atazisoma kurasa zile polepole sana.

Mtu wa umri ule alikimbia kwa sababu ya nyumba, na hapa ndipo ninapowaomba mnifuatilie kwa makini, kwa sababu kisa chake kina mizunguko. Saleh Omar alikuwa na duka la samani. Mfanyabiashara mmoja wa Bahrain, Hussein, aliyekuwa akija na pepo za musimu, alikopa fedha kwake na kumwachia dhamana ya karatasi ya deni jingine, ambalo yeye Hussein alikuwa akimdai Rajab Shaaban Mahmud, na deni hilo lilikuwa limewekewa rehani nyumba ya huyo Rajab Shaaban. Hussein hakurudi tena. Saleh Omar akasimama na karatasi yake, akaidai nyumba, akaipata, na familia ya Rajab Shaaban ikatoka. Baadaye utawala ulipobadilika, familia ile nayo ilipata mkono serikalini, na Saleh Omar akafungwa kwa miaka mingi. Alipotoka, mkewe na binti yake mdogo walikwisha kufa. Uzeeni, mrithi mmoja wa familia ile akarejea kutoka nchi za mbali na madai yaleyale, ndipo mzee akakimbia, na jina alilokimbia nalo ni la Rajab Shaaban, mtu yuleyule ambaye yeye mzee alimtoa katika nyumba yake.

Mtoto mwingine wa Rajab Shaaban, Latif Mahmud, yuko London akifundisha chuo kikuu, na sehemu kubwa ya kitabu ni wanaume hawa wawili wakikaa pamoja katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza, kila mmoja akieleza alivyoambiwa na alivyoona. Hakuna anayesema uongo, na hata hivyo masimulizi yao hayalingani. Naiona sehemu hiyo kuwa bora kuliko zote nilizozisoma katika miaka ya karibuni, na msomaji asiivuke haraka kwa kuitafuta habari ya ukimbizi.

Sasa nilete jambo hili kwetu. Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kama ilivyopitishwa mwanzoni, mtu asiye raia hakumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine hupoteza ule wa Tanzania. Wengi wetu tulichukua pasipoti za huku kwa sababu za kazi na watoto, kisha tukajenga kule kwa jina la kaka, dada au mpwa. Mjomba wangu alifanya hivyo kwa kumwamini nduguye, na nduguye alikuwa mwaminifu kweli mpaka siku aliyofariki. Wajane na watoto walioachwa hawakuwahi kusikia habari ya makubaliano yoyote, na hati ilikuwa na jina la baba yao. Ushahidi alionao mjomba ni risiti za kutuma fedha na ujumbe wa sauti uliohifadhiwa kwenye simu, ambamo marehemu anaeleza bei ya nondo na saruji. Kila upande unaamini kuwa umedhulumiwa, na kila upande una sababu.

Kwa hiyo nasema wazi kwamba By the Sea ni kitabu kinachopaswa kusomwa na kila mtu anayepeleka fedha nyumbani kujenga, kabla hajapeleka awamu inayofuata.

Kuhusu Peponi nitasema kwa ufupi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemjua kama ami yake, kutoka mji wa Kawa ambako baba yake ana hoteli, na ni Khalil, kijana wa dukani, anayemfungua macho kwamba yule si ami wala jamaa, na kwamba yeye ametolewa kufidia deni la baba. Safari ya msafara kwenda bara ni ndefu na nadhani baadhi yenu mtachoka, lakini vumilieni. Wenye wazazi wazee majumbani mwao wawasomee kwa sauti. Mama yangu alinisimamisha mara nyingi kwenye kurasa za bustani ya tajiri, akitaka zirudiwe.

Kutoka Toronto

Dada yetu wa Leicester, shikamoo kwa kazi hiyo kubwa.

Nimesoma By the Sea kwa kuazima kutoka maktaba ya mtaa, na ninakubaliana nawe kuhusu ubora wake, ila sikubaliani kwamba moyo wa kitabu uko kwenye nyumba. Kwangu uko kwa Latif. Kijana huyu alipelekwa Ujerumani Mashariki kusomea udaktari wa meno, akaiacha safari hiyo na kuingia Uingereza, kisha akakaa miongo bila kuwaandikia wazazi wake. Hakuwa na ugomvi nao unaoweza kuelezeka kwa sentensi moja. Alinyamaza mwezi wa kwanza, kisha wa pili, na kila muda ulivyozidi ndivyo barua ya kwanza ilivyozidi kuwa nzito kuandika, mpaka wazazi wakafa. Ninawajua watu wa namna hiyo katika jiji hili. Wengine walifika kwa masomo, ada ikawashinda, wakaingia kazi za maghala na usafi wa usiku, na wakaona aibu kupiga simu wakiwa hawana shahada wala fedha ya kutuma. Familia zao hudhani wamejidai. Kama jumuiya yetu ina fedha kidogo za shughuli za vitabu, ninapendekeza tununue nakala za riwaya hii na kuwapa vijana wanaofika hapa kila Septemba, kwa ajili ya sura zile za Latif tu.

Nami nimerudia Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996, ambayo wenzangu waliosoma sekondari Kenya wanaikumbuka kwa sababu ya mitihani. Kongowea Mswahili anaondoka Tanga baada ya kufiwa na mama yake, mwimbaji, na kuteseka mikononi mwa mume wa mama yake mdogo, anavuka mpaka, na kumtafuta baba asiyemfahamu hadi Kitale. Shuleni tulifundishwa kuorodhesha maudhui na tamathali za usemi. Nikiisoma sasa nikiwa mzazi, nimeona jinsi kijana yule anavyotegemea hisani ya watu asiowajua katika kila kituo: chakula, mahali pa kulala, neno la njia. Walibora mwenyewe alisomea shahada ya uzamivu Marekani na kufundisha huko kabla ya kurudi nyumbani, na kifo chake jijini Nairobi mwaka 2020 bado kinatuuma. Kasoro ninayoiona katika Siku Njema ni kwamba bahati inamsaidia Kongowea mno; mambo yanafungana vizuri kupita kiasi mwishoni.

Kuhusu ardhi, wenzetu Wakenya wakumbuke kwamba Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili kwa aliyezaliwa raia, na asiye raia hupewa ardhi kwa kukodi, muda usiozidi miaka 99. Aliyepoteza uraia wake zamani ataweza kuomba urudishwe. Afanye hivyo kabla ya kununua kiwanja kwa jina la mtu.

Kutoka Muscat

Wanangu, waalaykum salaam.

Nimewasoma nyote wawili na nimefurahi. Mimi kitabu hicho cha nyumba nilisomewa na mjukuu wangu, akinitafsiria anapokwenda, na kuna jambo hamkuligusa ambalo mimi limenikaa moyoni kuliko yote. Familia ya Rajab Shaaban ilipotolewa, vyombo vya ndani navyo vilichukuliwa. Kulikuwamo kimeza kidogo cha mpingo, zawadi iliyotolewa na yule mfanyabiashara Hussein kwa kijana mkubwa wa nyumba. Mtoto Latif akatumwa peke yake dukani kwa Saleh Omar kwenda kukiomba. Akasimama pale, mtoto, akaomba kwa adabu, na akarudishwa mikono mitupu.

Sheria ilimpa Saleh Omar nyumba, na sina neno na sheria. Lakini nani alimzuia kutoa kimeza? Kitabu chenyewe hakimhukumu mtu, nami sipingi, ila msomaji anayo ruhusa ya kuhukumu, na mimi nimehukumu. Chuki iliyomfikisha gerezani ilianzia kwenye nyumba, lakini naamini ilikomaa siku ile ya kimeza, kwa sababu mtu hupokea hasara kubwa akasema ni kudra, na akashindwa kabisa kumeza unyimivu wa kitu kidogo.

Mwanangu wa Leicester amesisitiza hati. Sisi Waislamu tumeamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282, kwamba tukikopeshana kwa muda maalumu tuandikiane na tuweke mashahidi, na wengi tunaona haya kumwandikisha ndugu wa damu. Haya hiyo tuiache. Hata hivyo tazameni kwamba katika riwaya hii kila kitu kiliandikwa: mkopo, rehani, hati, vyote. Karatasi iliondoa shaka ya nani mwenye nyumba, na haikuondoa lolote katika yaliyofuata. Kwa hiyo andikianeni, na mkishapata haki yenu muangalie mnamwachia nini mwenzenu.

Huyo mjomba naye apelekewe salamu zangu. Wajane wa marehemu hawana kosa. Aanze kwa kukaa nao, na azungumze nao kabla ya kumtafuta wakili.

Kutoka Leicester

Bibi, shikamoo, na ahsante sana. Nimempigia mjomba na kumsomea maneno yako yote. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama shangazi mdogo wa marehemu bado yuko Tanga, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwapo siku msingi ulipochimbwa na anaheshimiwa na pande zote mbili. Tunamtafuta.

Kaka wa Toronto, hoja yako kuhusu Latif ninaipokea, na ninaliunga mkono pendekezo la nakala za vijana.

Wengi wameniandikia kando wakiuliza vitabu vinapatikana wapi. By the Sea iko katika maktaba nyingi za umma za Uingereza na Kanada, na kama tawi lenu halina, muombeni mkutubi aiagize kutoka tawi jingine. Peponi na vitabu vingine vya Mkuki na Nyota huuzwa nje ya Afrika kupitia African Books Collective walioko Uingereza, kwa hiyo hamna haja ya kungoja msafiri. Vitabu vya wachapishaji wengine wa Nairobi na Dar es Salaam ndivyo vinavyosumbua. Kwa hivyo anayekwenda likizo na kubakiwa na kilo kwenye begi lake atuarifu mapema, tumchangie na kumpa orodha.

Kwa mazungumzo yajayo ninapendekeza Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, ambamo Bwana Maksuudi anamfungia ndani mkewe na binti yake Maimuna, huku mali anayojivunia ikiwa na historia ya dhuluma. Bibi, tungependa wewe uanze kutoa maoni safari hii. Nina nakala mbili za ziada, na walioko Uingereza waniandikie anwani zao kando kabla ya mwisho wa mwezi ili nizitume kwa posta.