Je, mwinuko wa Kapchorwa pekee unaeleza kasi ya wakimbiaji wetu?

Mwanafunzi, Mbale: Ndugu zangu, je, Joshua Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26:11.00 huko Valencia mwaka 2020 kwa sababu tu alikulia kwenye miinuko ya Mlima Elgon, wilayani Kapchorwa?

Kocha, Kapchorwa: Mwinuko pekee hautoshi. Oksijeni inapokuwa haba, figo hutoa homoni ya erithropoietini, ambayo huchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi. Hata hivyo, mabadiliko hayo huchukua majuma kadhaa, na ipo miili inayoitikia kidogo mno.

Mwalimu wa baiolojia, Kampala: Naafiki. Tena usiku ule wa Valencia taa za ukingoni mwa uwanja zilimwongoza Cheptegei kwa kumwonyesha kasi, jambo ambalo wengi husahau. Mimi ningetazama kwanza kiasi cha oksijeni anachotumia mkimbiaji katika kasi fulani.