Mrejesho: Nilijitolea kwanza, sasa naenda uzamili

Habari zenu wakuu. Mwaka jana niliwauliza kama niunge moja kwa moja uzamili wa ikolojia ya maji au nitafute kwanza uzoefu wa mtoni. Wengi mlisema nikajitolee. Nilifanya hivyo, na nawashukuru sana.

Nimekaa miezi minane kwenye mradi wa kome wa maji baridi (viumbe laini wenye magamba mawili) walio hatarini kutoweka. Lava, yaani watoto wachanga wa kome hawa, hujishika kwenye matamvua ya samaki (viungo vyake vya kupumulia), hukaa hapo wiki kadhaa, kisha hudondoka na kuanza maisha mchangani. Samaki wao akitoweka, mto hubaki na kome wazee watupu, hakuna mtoto hata mmoja. Siku moja nilifunua kifuniko cha matamvua ya samaki mdogo, nikaona vidoto vyeupe kama chembe za chumvi. Mikono ilinitetemeka.

Wewe uliyesisitiza mwaka jana nijue takwimu, ulisema kweli: siku moja majini huzaa wiki nzima ya kuchakata data kwenye kompyuta. Kuhusu cheti cha kuzamia majini, sijakihitaji bado. Tunapekua kina kifupi kwa ndoo yenye kioo chini.

Uzamili nimepata, naanza Septemba. Nitaendelea na kome haohao.